Risiva Yako Ina Wati Ngapi za Kweli?

Pita kwenye maduka ya redio ya Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta maboksi ya sabufa yameandikwa wati 8,000, wati 12,000, na pembeni herufi nne: PMPO. Kifaa chenyewe kinachomekwa ukutani kwa plagi ambayo fyuzi yake, hata ikiwa kubwa kuliko zote, ni ya ampea 13. Hiyo ni kama wati 3,000. Zilizobaki zinatoka wapi? Hazitoki popote. PMPO haina kanuni inayoibana, kwa hiyo kila kiwanda huandika namba inayolipendeza boksi lake.

Risiva za sinema ya nyumbani, zile zenye milango ya HDMI na chaneli tano, saba au zaidi, zina adabu kuliko hapo. Watengenezaji wake wakubwa hawaandiki PMPO. Lakini nao wana namna yao ya kuipamba namba, na anayenunua risiva ya mtumba hapewi hata karatasi ya kuisoma. Dawa ni kupima mwenyewe. Hapa nitakuonyesha namna ya kupima vitu vitatu: nguvu safi, kimya, na mgawanyo wa besi. Vipo vipimo vingine vingi, na wenye maabara huvichora kwa grafu za rangi, ila hivi vitatu ndivyo vinavyofika sikioni mwa mtu aliyekaa kwenye kochi.

Anza na karatasi

Kama karatasi ya vipimo ipo, isome kabla ya kugusa waya. Tuseme risiva moja imeandikwa namba tatu: wati 70, wati 100 na wati 135. Hakuna uongo hapo, ni mashine ile ile. Wati 70 zimepimwa chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia 20 Hz hadi 20,000 Hz, upotoshaji ukiwa chini ya asilimia 0.1. Wati 100 zimepimwa kwa chaneli moja tu na toni moja ya 1,000 Hz. Wati 135 nazo ni chaneli moja, toni moja, huku upotoshaji ukiachwa ufike asilimia 10. Upotoshaji ni ile sauti ambayo risiva imeiongeza yenyewe na haikuwamo kwenye filamu, na ukifika asilimia 10 hata mtoto atakwambia redio inakwaruza.

Ukilinganisha risiva mbili, linganisha mstari wenye masharti magumu: omu 8, 20 Hz hadi 20,000 Hz, angalau chaneli mbili. Tabia ya kutaja masharti hayo ina historia yake. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitoa kanuni ya kuwazuia wauza amplifaya kutaja wati bila kueleza zimepimwaje, na mwaka 2024 ikairekebisha. Huku kwetu hatuna desturi ya kuuliza, ndiyo maana PMPO inastawi.

Kuna hekima moja ya mafundi ambayo inataka uangalifu. Wanasema geuza risiva, soma wati za matumizi ya umeme zilizobandikwa nyuma, halafu toa hukumu: kama imeandikwa wati 400, haiwezi kutoa wati 100 mara saba. Hitimisho mara nyingi ni kweli, lakini njia si sahihi. Namba ile ya nyuma kwa kawaida hupimwa risiva ikitoa sehemu moja ya nane tu ya nguvu yake, kwa kuwa muziki na filamu kwa wastani hutumia kiasi hicho au pungufu. Ikikazwa, mashine hiyo hiyo inaweza kuvuta umeme zaidi ya ilivyoandikwa. Inayoamua ni transfoma ya ndani na joto, na hayo hujulikana kwa kupima.

Unahitaji kiasi gani?

Kabla ya kutafuta mwisho wa risiva yako, jua wewe unaishi wapi kwenye kiwango chake. Swali hili huwashangaza watu wengi.

Ukishaipanga risiva kwa maikrofoni yake, namba 0 kwenye sauti ina maana maalumu: ni kiwango cha jumba la sinema. Kwa kiwango hicho, kila spika kubwa inaweza kudaiwa kilele cha desibeli 105 pale ulipokaa. Sasa chukua spika ya kawaida yenye unyeti wa desibeli 87, maana yake ukiipa volti 2.83, ambayo kwa omu 8 ni wati 1, itatoa desibeli 87 katika mita moja. Kaa mita tatu kutoka kwake. Mahali pa wazi umepoteza desibeli 9.5, umebaki na 77.5. Kufika 105 unahitaji desibeli 27.5 zaidi, na hizo ni wati 560 hivi. Kuta za chumba zinarudisha sauti na kukusaidia kidogo, lakini bado hakuna risiva ya kawaida inayofika huko.

Usikate tamaa. Karibu hakuna anayesikiliza kwenye 0 sebuleni, majirani hawatakubali. Ukishusha hadi -10, kilele kinahitaji wati 56. Ukishusha hadi -20, ambako nyumba nyingi ndiko ziliko, kilele kinahitaji wati 6 tu, na sehemu kubwa ya filamu inapita kwa chini ya wati moja. Kwa hiyo fungua risiva yako leo usiku, weka filamu, na uandike namba unayoitumia kweli. Hiyo namba ina thamani kuliko wati zote za kwenye boksi.

Mzigo wa kupimia, na habari ya mabirika

Nguvu haipimwi kwa spika. Toni moja inayoendelea kwa wati 50 itaunguza tweeta mara moja, na hata wufa haitapenda. Tena spika hubadilisha omu zake kila toni inapobadilika, kwa hiyo hesabu haitatulia. Kinachotakiwa ni mzigo wa omu 8 usiobadilika na unaovumilia joto.

Mafundi hutumia rezista za wati 100 zenye gamba la alumini, zilizofungwa kwenye kipoza joto kikubwa. Kama unazipata, nunua za omu 8, moja kwa kila chaneli unayotaka kupima kwa pamoja. Kama huzipati, yapo mabirika ya umeme. Birika la wati 2,200 kwa volti 240 lina omu kama 26. Unganisha matatu sambamba, utapata omu 8.7, na mzigo huo umezamishwa ndani ya maji tayari, una uwezo wa kumeza joto kuliko rezista yoyote utakayouziwa.

Masharti ya mabirika ni haya. Yawe ya kawaida, yenye swichi ya kubonyeza. Yale ya kidijitali hayapitishi kitu mpaka yapate umeme wa ukutani. Yajaze maji, bonyeza swichi, kisha pima omu kati ya pini mbili bapa za plagi zinazopitisha umeme, ukiiacha ile pini ndefu ya ethi. Unganisha plagi tatu kwa klipu, pini kwa pini, na upime tena jumla yake. Plagi hizo zikae mbali na soketi wakati wote wa kazi, na asiwepo mtu nyumbani anayeweza kudhani unataka kuchemsha chai. Mikono iwe mikavu: wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28, na risiva kubwa inaweza kupanda hadi 40. Ukitaka kupima chaneli mbili kwa pamoja utahitaji mabirika sita, na chaneli saba zitataka ishirini na moja, hapo itabidi ukaazime mtaa mzima. Kwa hiyo mabirika ni ya chaneli moja, na anayetaka zaidi atafute rezista.

Kabla ya kuunganisha mzigo, kuna kipimo kimoja cha haraka ambacho mnunuzi wa mtumba hapaswi kukiruka. Washa risiva bila spika, sauti chini kabisa, weka multimita kwenye volti za DC, na pima kila jozi ya vituo vya spika. Namba ikiwa chini ya milivolti 50, endelea. Ikipita 100, hicho chombo kina ugonjwa kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya, na kitazisukuma spika zako upande mmoja muda wote hata pasipo muziki. Mrudishie muuzaji au mpelekee fundi.

Kupima nguvu kwa multimita peke yake

Ingia kwenye menyu. Zima kila kinachochezea sauti chenyewe: hali ya kuokoa umeme, kusawazisha sauti za usiku, marekebisho ya chumba. Spika zote ziwekwe kuwa kubwa, ili besi isikimbilie sabufa. Marekebisho ya kila chaneli yaweke sifuri. Na kama risiva ina swichi ya omu, iache kwenye 8. Swichi ile ikiwekwa 4 au 6 kwa kawaida hupunguza volti za ndani ili mashine isipate joto, na nguvu inashuka nayo.

Tengeneza kwenye kompyuta toni ya 200 Hz iliyojaa kiwango chote cha kidijitali, yaani 0 dBFS, na uipeleke kwa HDMI kama PCM. Nimechagua 200 Hz kwa sababu multimita nyingi za bei rahisi husoma volti za AC kwa uaminifu kati ya 40 Hz na 400 Hz tu. Ukiipa 1,000 Hz inaweza kukuonyesha namba isiyo na maana, nawe ukailaumu risiva.

Anza na sauti ikiwa -50. Panda polepole hadi multimita isome volti kama 10, kisha panda desibeli moja moja na uandike kila namba. Hapa ndipo penye siri yote. Kila desibeli moja inapaswa kuzidisha volti kwa 1.12. Risiva ikiwa bado ina nafasi, ngazi hizo hazibadiliki. Inapogonga dari, vichwa vya mawimbi vinaanza kukatwa na ngazi inafupika: ile ya kwanza kupita dari hutoa kama 1.08 badala ya 1.12.

Mfano: umesoma 20.0, halafu 22.4, halafu 25.2, halafu 28.2. Zote zimezidishwa kwa 1.12. Inayofuata ingekuwa 31.6, lakini multimita inasema 30.3. Dari umeliona, na volti yako safi ya mwisho ni 28.2. Izidishe kwa yenyewe, ugawanye kwa omu za mzigo ulizozipima: 28.2 mara 28.2 ni 795, gawanya kwa 8.7, ni wati 91. Rudisha sauti chini mara moja. Pale juu usikae zaidi ya sekunde mbili tatu kwa kila hatua, na umpe amplifaya dakika moja ya kupumua katikati. Ikijizima yenyewe, mfumo wake wa ulinzi umefanya kazi. Ngoja ipoe.

Andika pia namba ya sauti iliyoonekana kwenye kioo pale dari lilipoanza. Utaihitaji mwishoni.

Kwa wenye rezista mbili au zaidi, rudia kazi hiyo chaneli mbili zikiwa pamoja, kisha tatu. Namba itashuka kila unapoongeza, kwa sababu chaneli zote zinakunywa kutoka kwenye transfoma moja. Jinsi inavyoshuka inakueleza ubora wa sehemu ambayo haionekani kwenye picha za matangazo. Risiva inayotoka wati 100 hadi 90 kwa chaneli mbili ina transfoma nzuri, na inayoanguka hadi 60 imebanwa. Usiogope sana kipimo cha chaneli saba kwa pamoja, maana filamu haziombi kilele kwenye spika zote saba kwa sekunde moja.

Umeme wa ukutani unaingia kwenye hesabu

Hili halimo katika miongozo mingi, labda kwa sababu waandishi wake wanaishi mahali ambapo volti hazitikisiki. Katika risiva nyingi zenye transfoma ya kawaida, volti za ndani hufuata za ukutani. Soketi ikishuka kutoka 240 hadi 200, kama inavyotokea jioni watu wakiwasha majiko na pasi, dari la amplifaya linashuka kwa uwiano huo huo, na nguvu inashuka kwa mraba wake. Unapoteza karibu theluthi moja ya wati zako, kutoka 100 hadi 69.

Kwa masikio si msiba, ni desibeli 1.6 tu. Lakini kwa vipimo ni balaa, kwa sababu risiva mbili zilizopimwa saa tofauti haziwezi kulinganishwa. Kwa hiyo andika volti za ukutani kando ya kila matokeo. Kinga ya friji yenye kioo cha namba, au stabilaiza, itakuonyesha bila wewe kuchokonoa soketi kwa nyaya. Anayetumia risiva iliyotoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, ambako ni 120, apime ikiwa kwenye transfoma yake ya kushusha umeme, kwa kuwa transfoma ndogo nayo hulegea mzigo ukipanda. Wengi wanailaumu risiva wakati aliyechoka ni yule mdogo wa pembeni.

Kimya

Sasa rudisha spika zako. Weka sauti pale unapoitumia kila siku, simamisha filamu, na sogeza sikio kwenye tweeta. Utasikia mchirizo mwembamba wa hewa. Rudi kwenye kochi. Kama huusikii tena, kipimo kimeisha na umefaulu.

Hesabu yake ni hii: milivolti moja ya kelele kwenye ile spika ya desibeli 87 hutoa sauti ya desibeli 18 katika mita moja. Chumba kilichotulia usiku kina kama 30, kwa hiyo kelele ya namna hiyo inazama hata kabla haijafika kwako. Wanaotumia spika za honi, zenye unyeti wa desibeli 100 na zaidi, ndio wenye haki ya kulalamikia mchirizo.

Mvumo ni habari nyingine. Mvumo mzito wa 50 Hz au 100 Hz mara nyingi hauzaliwi na risiva, unaingizwa na waya. Mshukiwa wa kwanza ni waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi. Dishi lina njia yake ya kwenda ardhini, risiva na sabufa zina nyingine, na umeme mdogo unazunguka kati yake kupitia nyaya zako za sauti. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi huku ukisikiliza. Mvumo ukikatika umempata, na kuna viunganishi vya kutenganisha waya wa antena vinavyotatua jambo hilo. Kosa ambalo lazima uliepuke ni kung'oa pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo ukome. Unakoma kweli, na siku kifaa kikivuja umeme, bodi ya chuma utakayoishika itakuwa na volti 240.

Upotoshaji, kwa wenye kompyuta na subira

Kifaa kinachoheshimika zaidi kwa kazi hii ni kichambuzi cha Audio Precision, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Beaverton, Oregon. Bei ya vichambuzi vyake vikubwa ni makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo tukiache. Kadi ya sauti ya nje inayotumiwa na wanamuziki kurekodia, pamoja na programu ya bure ya REW iliyotengenezwa na John Mulcahy, vinatosha kwa nyumbani.

Pima kipimio kwanza. Chukua waya kutoka tundu la kutolea la kadi, uurudishe kwenye tundu lake la kuingizia, na uiamuru REW ikuonyeshe upotoshaji. Ukipata asilimia 0.003, basi hutaweza kuona chochote kilicho chini ya hapo kwenye risiva, na matokeo yoyote bora kuliko hayo ni ndoto.

Kadi haivumilii volti 28, kwa hiyo weka rezista ya kilo-omu 22 mfululizo na nyingine ya kilo-omu 1, na uchukue ishara kwenye ile ya kilo-omu 1. Volti 28 zitakuwa 1.2. Hapa pana mtego unaoua vifaa: katika baadhi ya risiva, hasa zenye amplifaya za daraja la D, kituo cheusi cha spika si ardhi. Kina ishara yake chenyewe. Ukikiunganisha na ardhi ya kadi ya sauti au ya oskiloskopu, umeunguza amplifaya. Pima kwanza volti za AC kati ya kituo cheusi na bodi ya risiva huku toni ikicheza. Isipokuwa karibu na sifuri, ondoka hapo. Hata ikiwa sifuri, iache kompyuta mpakato ifanye kazi kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa.

Pima kwa toni ya 1,000 Hz katika volti 2.83, 6.32 na 20, yaani wati 1, 5 na 50. Wengine huandika matokeo kwa asilimia, wengine kwa desibeli za ishara dhidi ya uchafu wote kwa pamoja. Kubadilisha ni rahisi: asilimia 1 ni desibeli 40, asilimia 0.1 ni 60, asilimia 0.01 ni 80, asilimia 0.001 ni 100. Risiva ikipata 80 kwenye wati 5, mimi siulizi zaidi. Kuna watu wanaogombana juu ya 84 na 91, nami nawaacha wagombane, maana spika zenyewe huongeza upotoshaji mkubwa kuliko huo kila besi inapogonga. Ninachokitazama ni umbo: mstari wa upotoshaji ukae chini umetulia, halafu upande ghafla karibu na dari. Ukianza kupanda mapema, tangu wati 5 au 10, kuna kitu hakiko sawa.

Kama risiva ina matundu ya kupeleka ishara kwa amplifaya za nje, yapime pia. Amplifaya ya kawaida huzidisha volti kama mara 28, kwa hiyo volti 1 inatosha kuipeleka kwenye wati 100. Tundu likifika volti 2 bila kuchafuka, lina akiba ya kutosha. Baadhi ya risiva huchafuka mapema hapo kwa sababu amplifaya za ndani, ambazo hazina hata kazi, zimefika dari zao na kuivuruga ishara. Tafuta kwenye menyu kama kuna njia ya kuzizima.

Besi imekwenda wapi?

Malalamiko mengi ya kwamba risiva haina nguvu ni besi iliyopotea njia, na kuinasa inachukua dakika tano kwa multimita. Weka spika za mbele kuwa ndogo, mpaka wa besi 80 Hz, sabufa imewashwa. Chomoa waya wa sabufa nyuma ya risiva, na upime volti za AC kwenye tundu hilo. Cheza toni ya 40 Hz kwenye chaneli ya mbele kushoto, kiwango cha -20 dBFS, uandike volti. Kisha toni ile ile, kiwango kile kile, kwenye chaneli maalumu ya besi. Katika mpangilio wa faili za chaneli sita hiyo ni ya nne, baada ya kushoto, kulia na kati.

Ya pili inapaswa kuwa kubwa kuliko ya kwanza kwa mara tatu na kidogo, kwa sababu chaneli ya besi huongezwa desibeli 10 inapochezwa. Volti zikilingana, nyongeza hiyo imeangukia njiani: angalia kiwango cha chaneli ya besi kwenye menyu, na kama kompyuta au kichezeo hakijaunganisha chaneli zote kuwa mbili. Chaneli ya mbele isipotoa chochote kwenye tundu la sabufa, spika bado zimewekwa kuwa kubwa.

Angalia pia marekebisho ya sabufa. Yakisoma +8 au +10, tundu lenyewe linaweza kuchafuka kabla sabufa haijachoka. Ongeza kitasa cha nyuma ya sabufa, punguza kwenye risiva hadi chini kidogo ya sifuri, na urudie kipimo cha ngazi za desibeli moja moja hapo hapo kwenye tundu.

Usawa wa spika na umbali hauhitaji maneno mengi: toni za mpango za risiva zisome desibeli 75 kwa kila spika pale unapokaa. Simu inafaa kulinganisha spika na spika, ila usiiamini kwa sabufa, maikrofoni yake hukata besi. Umbali wa sabufa ukitokea kuwa mkubwa kuliko wa futikamba, uache. Risiva inahesabu muda, na sabufa nyingi zina kichakataji kinachochelewesha sauti. Milisekunde tatu za kuchelewa huonekana kama mita moja.

Kisha rudi kwenye ile namba ya sauti uliyoiandika pale dari lilipoanza. Ulipima kwa toni iliyojaa kiwango chote, na hakuna filamu itakayozidi hapo. Tuseme dari lilianza kwenye -4, na baada ya kupanga chumba risiva imeipa spika ya mbele marekebisho ya +3. Dari limehamia -7. Fungua menyu ya sauti, tafuta mahali pa kuweka ukomo, na uchague namba ya karibu iliyo chini ya hiyo, maana risiva nyingi hutoa chaguo chache tu, kama -10 au -20. Kuanzia hapo, hata rimoti ikishikwa na watoto au na wageni wa sikukuu, amplifaya haitafika mahali pa kukata mawimbi na tweeta zako hazitaungua.